Kwa Nini Bonde Hutikisika Kuliko Kilima?

SWALI: Katika tetemeko moja la ardhi, nyumba za bondeni zilipasuka ilhali za kilimani, zilizojengwa kwa namna ileile, zilibaki nzima. Je, ardhi yenyewe ndiyo sababu, na mji unawezaje kuipima?

JIBU: Mara nyingi ndiyo. Mawimbi yanapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia katika udongo laini, kasi yake hupungua na mtikisiko huongezeka, na kila tabaka huwa na mdundo wake, yaani muda linaochukua kuyumba mara moja, kulingana na kina na ugumu wake. Mwaka 1985 Mexico City iliumia vibaya ingawa chanzo cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale; tope hilo liliyumba takriban kila sekunde 2, na majengo ya ghorofa za kadiri, ambayo mdundo wake ulikaribiana na huo, ndiyo yaliyoathirika zaidi.

Upimaji huanza na ramani za miamba na kumbukumbu za visima, kisha hupimwa kasi ya mawimbi ya mkato (yale yanayotikisa ardhi kukingama na mwelekeo yanakokwenda) katika mita 30 za juu: chini ya mita 180 kwa sekunde ardhi huhesabiwa kuwa laini, na zaidi ya 760 ni mwamba. Mchanga uliojaa maji uchunguzwe peke yake, maana ukitikiswa unaweza kulegea kama kimiminika, jambo lililolaza majengo huko Niigata, Japani, mwaka 1964. Nasisitiza vipimo vifanywe mtaa kwa mtaa, kabla ya vibali vya ujenzi kutolewa.