Mfungo wa Danieli na dawa za kisukari

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza kama unaweza kuungana na kanisa lako kwenye mfungo wa Danieli wa siku 21 huku unameza dawa za kisukari, maana kuna wanaokuambia kusita ni kukosa imani. Wasikutishe. Soma Danieli 10:3: aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haikuandikwa kwamba alishinda njaa majuma matatu.

Mimi pia nina kisukari. Mwaka wa kwanza nilifunga kavu, bila kula wala kunywa, na dawa nimemeza. Saa nane mchana mikono ikatetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikashindwa hata kufungua soda niliyoletewa. Siku hizi nafunga huku nakula: maharage, mchicha usioogelea mafuta, ugali wa dona kiasi cha ngumi. Ninachoacha ni soda na maandazi ya baada ya ibada, na hapo ndipo mwili hulia kweli!

Ila muone daktari kabla hujaanza, hasa kama unachoma insulini. Huenda akabadilisha dozi. Kipimo cha sukari kikishuka chini ya 4 (mmol/L), kunywa maji ya sukari papo hapo, hata kama mmo katikati ya maombi.