Usikate matawi ya paina kubwa! Mimi nilipoteza msimu mzima

Mkuu wa Kasulu, weka panga chini kwanza. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Umepewa ruhusa ya kukata matawi kwenye paina kubwa za parokia, Jumamosi vijana wawili wanapanda juu, unataka kuchomeka vipande 2,000 kwenye viriba. Unauliza udongo gani, mwezi gani, nafasi gani shambani na mbao zinauzwaje. Hayo mengine yatasubiri. Hivyo vipande havitaota mizizi. Narudia: havitaota.

Mwaka 2019 nilifanya hicho hicho, hapa Tabora, nyuma ya nyumba yangu Ipuli. Sisi wa huku tumezoea kuchomeka. Muhogo unakata pingili unachomeka, viazi unachomeka marando, minyaa ya ua hata ukiitupa chini inashika. Kwa hiyo mtu akikwambia na paina inachomekwa, akili inakubali bila kuuliza swali. Na kweli inachomekwa, kuna nchi zinapanda misitu mizima kwa njia hiyo. Ila swali la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia niulize ni hili: mti mama, yaani ule unaoukata vipande, una umri gani?

Mimi nilikata Agosti, vipande 1,200, kwenye paina tatu za mzee mmoja jirani. Miti ya miaka thelathini na kitu, mirefu, mizuri, imenyooka. Nikajiambia mama mzuri atazaa watoto wazuri. Nikanunua dawa ya kuotesha mizizi makopo manne, 72,000. Nailoni na fito za kibanda 85,000. Tripu ya mchanga wa mto 60,000. Viriba 30,000. Kijana wa kumwagilia asubuhi na jioni, 3,000 kwa siku, siku tisini, piga hesabu mwenyewe.

Wiki ya nne kila kitu kijani. Wiki ya nane kijani. Mke wangu alikuwa Nzega kwenye msiba wa shangazi yake, nikampigia simu kumwambia miti imeshika. Nikatuma watu Urambo kwenye ekari zetu mbili na nusu, wakachimba mashimo 1,100 kwa shilingi 200 kila moja.

Mwanzoni mwa Novemba mvua ya kwanza ikagonga. Nikachuchumaa kitaluni, nikachana kiriba kimoja ili nione mizizi imefika wapi. Mwisho wa kipande ulikuwa umevimba, uvimbe mweupe, mgumu, mkubwa kama punje ya hindi, umezungukwa na utomvu uliokauka. Mzizi hakuna hata mmoja. Nikachana cha pili. Cha kumi. Cha hamsini. Kila kimoja punje ya hindi na utomvu. Paina ndivyo inavyokudanganya, mkuu: kipande kinaweza kukaa kijani miezi mitatu kikiishi kwa akiba yake, jeraha kimelifunga kabisa, huku mzizi hakina. Ule ukijani usiuamini.

Kati ya 1,200 vilishika saba. Saba! Na kati ya hivyo saba, vitano vilikua kwa kulala upande, kwa sababu vilitoka kwenye matawi ya pembeni ya mti mzee na vikaendelea kukua kama matawi. Kimoja bado kiko nyuma ya jiko langu hadi leo, kina urefu wa mita na nusu lakini kinatambaa. Mbao gani utapasua hapo?

Hela inauma, lakini kilichoniuma zaidi ni yale mashimo. Nilikwenda Urambo Desemba nikayakuta yamejaa maji, vyura wanalia humo, na sina hata mche mmoja wa kuweka. Msimu ulipita hivyo hivyo nikiutazama.

Sasa aliyenipotosha. Ni mtu mmoja wa mafunzo ya kilimo mtandaoni, alinitoza 30,000 kuingia grupu lake. Video zake zote anaonyesha tawi linachovywa kwenye unga mweupe, picha inakatwa, halafu mti mzuri wenye mizizi. Nilimuuliza waziwazi, kwa maandishi, "mti wa umri wowote?" Akajibu "wowote, dawa ndiyo siri". Nilipomtumia picha za zile punje za hindi akaniambia nina mkono mbaya wa kupanda, kisha akanitoa kwenye grupu. Mkono mbaya! Mimi nimelima tumbaku miaka kumi na miwili, vitalu vya tumbaku mwenye mkono mbaya haviwezi. Hiyo dawa ni homoni, inasaidia kipande kichanga kuota haraka na kwa wingi. Kuurudishia mti mzee utoto wake haiwezi, na anayeuza dawa huku anaficha hilo ni mwizi tu.

Kwa hiyo shika hili moja: kata kwa mtoto. Otesha kwanza miche michache kwa mbegu bora, waulize TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kasulu mna baridi kidogo kuliko sisi, waulize kama aina ya paina iitwayo Pinus patula inawafaa au wakupe Pinus caribaea inayovumilia joto. Mche ukiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, ukate kichwa. Utatoa machipukizi mengi kutoka kwenye vifungo vya sindano, yaani yale majani membamba ya paina, mti unakuwa kama kichaka. Machipukizi yakifika sentimita 7 hadi 10, hayo ndiyo unayochomeka, chini ya nailoni na kivuli, mchanga uwe na unyevu bila kutota. Nilianza upya hivyo na miche 40 tu, na kwa mara ya kwanza nikachana kiriba nikaona mizizi myeupe imezunguka pembeni. Nilikaa pale chini kimya, sikutaka hata kuondoka.

Huo mti mama nao uupunguze mara kwa mara ubaki mfupi, na ukishafika miaka mitatu minne uuache, anza na mwingine. Afrika Kusini wanafanya hivi kwa patula, New Zealand kwa Pinus radiata. Ni watu wenye maabara na hela, lakini nao hawakimbilii matawi ya mti mzee.

Na zile paina za parokia usizidharau, zina kitu unachokihitaji, ila kiko chini. Paina si mti wa asili ya kwetu, mizizi yake inaishi pamoja na kuvu wake wa udongoni. Bila huyo kuvu miche inadumaa na kuwa ya manjano hata ukiimwagia mbolea. Kwa hiyo hao vijana wa Jumamosi wasipande juu. Wape koleo. Wafagie sindano zilizoanguka, wachote udongo wa juu juu, sentimita kumi tu, uchanganye debe moja kwa madebe manne ya udongo wako wa viriba. Magunia matatu yanakutosha kuanzia.