Dhahabu ihesabu kwa tani, si kwa dola

Ndugu, umeuliza kwa nini mchoro wako unaonyesha akiba ya dhahabu ya benki kuu za Uingereza na Ujerumani ikipanda kwa miaka 20, ilhali hakuna kati yao iliyokuwa ikinunua. Kilichopanda ni bei ya dhahabu. Julai 1999 wakia moja (kipimo cha uzito wa dhahabu) ilikuwa kama dola 260. Agosti 2020 ikavuka 2,000. Ukichora kwa dola unachora soko, si maamuzi ya benki kuu.

Chora kwa tani, utaona kilichofichika: Uingereza iliuza takriban tani 395 kati ya 1999 na 2002, ikabaki na kama 310, na mstari wake umelala hapo hadi leo. Mauzo yale huniuma kila nikiyatazama, maana bei ilikuwa chini mno. Ujerumani bado ina zaidi ya 3,300.

Akiba ya fedha za kigeni iwekee mchoro wake. Wengi huipima kwa miezi ya kuagiza bidhaa, yaani ingetosha kulipia bidhaa za nje kwa miezi mingapi, mitatu ikiwa kiwango cha chini, ingawa kwa Ujerumani yenye euro kipimo hicho hakisemi mengi. Na kagua kwanza kama “akiba jumla” uliyopakua imeshajumlisha dhahabu, usije ukaihesabu mara mbili.