Kidonda Kikifunga, Mfupa Huenda Bado Unaumwa

Mfupa ukivunjika na kutokeza nje ya ngozi, bakteria wamefunguliwa mlango. Mdogo wangu aliangushwa na bodaboda Outering Road, muundi ukatiwa vyuma, kidonda kikakauka vizuri. Miezi baadaye pakatoboka tundu dogo la usaha. Majirani walisema ni damu chafu inatoka, atapoa. Tafadhali usikubali maneno hayo. Tundu la usaha juu ya mfupa uliowahi kuvunjika huenda ni dalili ya maambukizi ndani ya mfupa, nalo linataka daktari wa mifupa.

Na kabla hujamwona, usipitie kemisti kununua antibiotiki za kubahatisha. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mara nyingi kisababishi ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, lakini wako wengine. Wenye selimundu, kwa mfano, hupata pia Salmonella. Vijidudu vya kipande cha mfupa vikioteshwa maabara ndipo hujulikana dawa ipi itaviua. Ukiwa umeshameza vidonge, majibu yanaweza kurudi matupu. Usaha uliopanguswa kwa pamba hautoshi, maana hubeba na vijidudu vya ngozini. (Mwenye homa kali na aliyezidiwa asingoje lolote, akimbizwe hospitali.) Eksirei nayo huenda isionyeshe kitu wiki mbili za kwanza, kwa hivyo maumivu yakiendelea, rudi.

Kisha thieta. Dawa husafiri ndani ya damu, na mfupa uliokufa haufikiwi na damu, lazima uondolewe. Mdogo wangu alirudishwa thieta zaidi ya mara moja, nasi tukadhani mambo yameharibika. Hayakuwa yameharibika. Usafishaji wa mfupa mara nyingi hufanywa kwa awamu.

Dawa huchukua takriban wiki sita, pengine zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vyema havikuwa duni kuliko sindano za mshipani katika wiki hizo sita. Ukiwa unalipia kitanda Nairobi, muulize daktari kama unaweza kumalizia dozi nyumbani. Ukipewa rifampisini, mkojo utageuka rangi ya chungwa, usiogope; macho yakiwa ya manjano, rudi siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari adhibiti sukari, mvutaji aache sigara, kwani zote mbili huchelewesha kupona.

Maambukizi haya yanaweza kurudi hata baada ya miaka. Eksirei zote, majibu ya maabara na majina ya dawa ulizotumia viweke kwenye faili moja, na uende nalo kila kliniki, hata ukibadilisha hospitali.