Maswali yenu: tandu, giza na kamera

Swali: Shikamoo mwalimu. Tandu wangu ana wiki 2 hajala. Rangi imefifia, na nyenje niliyemtilia bado anarukaruka humo ndani. Nimchokonoe aamke?

Jibu: Marahaba. Usimchokonoe, na huyo nyenje mtoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Tandu aliyefifia rangi na kususa chakula mara nyingi yuko karibu kujivua gamba. Gamba la zamani hupasuka kichwani, naye hutoka kwa mbele kidogo kidogo, akichomoa jozi moja ya miguu baada ya nyingine, huku gamba likijikunja nyuma yake kama soksi. Akishatoka huwa amepauka na laini mwili mzima, hata zile kucha zake za sumu, na hapo nyenje mwenye njaa humtafuna naye asiweze kujitetea. Mwachie maji kwenye kifuniko cha chupa, mpe giza, subiri. Chakula kirudi siku kadhaa baadaye, akishakauka na kupata rangi. Usipoliona gamba, amelila mwenyewe.

Hata kama hajivui, wiki 2 si njaa kwa tandu mkubwa. Aliyekomaa namlisha mara moja kila siku 7 hadi 14. Wengi wenu mnalisha kila siku kwa sababu mnapenda kumwona akikamata. Lisheni kwa haja yake, si kwa haja ya macho yenu.

Swali: Ni kweli ana miguu 100?

Jibu: Hapana. Tandu mzima kwa kawaida ana jozi witiri. Wale wakubwa wanaofugwa wengi wana jozi 21, yaani miguu 42. Miguu 100 ni jozi 50, na 50 si witiri. Na wewe uliyeandika kwamba "tandu" wako anakula majani makavu na kujiviringa akiguswa, huyo ni jongoo. Angalia pingili zake: karibu kila moja ina jozi mbili za miguu, tandu ana moja tu. Endelea kumpa majani.

Swali: Naweza kuweka wawili sanduku moja?

Jibu: Hapana. Mmoja atamla mwenzake. Nimelijibu hili mara nyingi, na kila mara anatokea wa kuniambia wake wameishi pamoja mwezi mzima. Wanaishi hivyo mpaka usiku mmoja anapopata njaa.

Swali: Kuna video ya tandu akikamata panya hai, imetazamwa mno. Wangu ana sentimita 18. Nami nimpe panya nirekodi?

Jibu: Usimpe. Kwamba anaweza, hilo halina ubishi. Mwaka 2005 watafiti walieleza jinsi Scolopendra gigantea, tandu anayefikia karibu sentimita 30, anavyokamata popo pangoni Venezuela. Lakini yule yuko porini, ana ukuta wa kupanda na ufa wa kukimbilia, na akishindwa huachia. Ndani ya sanduku panya hana pa kwenda. Hufa polepole, na kabla ya kufa huuma. Mguu uliokatika utaota tena tandu akijivua mara kadhaa, lakini mwili uliochanika hupoteza maji upesi na mara nyingi hauponi. Mende na nyenje waliokuzwa pasafi, wasiopuliziwa dawa ya wadudu, wanamtosha kabisa.

Nasema wazi kwa sababu barua hizi zimezidi: ukimfuga ili umgombanishe na mnyama mwingine mbele ya kamera, usifuge.

Swali: Nikiwasha taa ya kurekodia anajichimbia chini. Nimzoeze vipi mwanga?

Jibu: Hazoei, na hapaswi kuzoea. Ngozi ya tandu haina nta ya kuzuia maji kama ya wadudu wengi, na matundu yake ya kupumulia hayafungi sawasawa. Ukimmulika kwa taa yenye joto unamkausha, na ukavu ndio unaoua tandu wa nyumbani kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Wewe unaona anajificha, kumbe anatafuta unyevu.

Badili sanduku, si tandu. Tandaza udongo uliochanganywa na unga wa makumbi, kina cha sentimita 10 au zaidi. Upande mmoja uloweshe vizuri, mwingine uwe mkavu kidogo, achague mwenyewe. Gome la mti liegemeze kwenye kioo, atachimba njia papo hapo. Kwa nje ziba kioo kwa karatasi nyeusi. Usiku iondoe taratibu, weka kamera kwenye stendi, washa taa nyekundu hafifu, kisha ondoka chumbani. Kwa njia hiyo nilimpata wangu akijisafisha: anashika kipapasio kimoja, anakivuta mdomoni kuanzia shina hadi ncha, anakiachia kinaruka kama uzi, anashika cha pili. Kisha miguu, mmoja mmoja, upande huu wote halafu ule. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeumia. Sijaona video ya panya inayoifikia.

Swali: Wangu amezoea mkono, namrekodi akinitembea begani. Kuna shida?

Jibu: Hajazoea, bado hajakuuma tu. Siku mtakaposhtuana atauma. Osha kwa maji na sabuni, kisha loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, au weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Ukivimba uso, ukibanwa pumzi au ukipata kizunguzungu, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, nendeni hospitali mara moja.

Swali: Ametoroka! Kuta za sanduku ni kioo kitupu, amepandaje?

Jibu: Kwenye ile gundi ya silikoni iliyo pembeni. Tena tandu mrefu akijiinua hufika juu bila kupanda. Kuanzia udongo hadi kifuniko uache nafasi inayozidi urefu wake, na kifuniko kifungwe kwa vibanio. Mtafute penye unyevu: chini ya ndoo, kwenye tambara la kudekia, nyuma ya mabomba. Vaa viatu, na waambie wote nyumbani leo hii, hata kama unaona aibu.

Swali: Nimefunua gome nimekuta amejikunja juu ya mayai ya manjano! Nimrekodi vipi vizuri?

Jibu: Rudisha gome. Umemkuta amejipinda duara, mayai yameshikwa na miguu tumboni yasiguse udongo, mgongo umeelekea nje. Anayalamba ili kuvu isiyashike, na kwa wiki kadhaa hatatoka hata kula. Akisumbuliwa huyala au huyaacha yaoze. Usimlishe, usihamishe sanduku, usifunue tena. Unyevu uongeze kwa kumwagilia polepole pembeni, mbali naye. Kama kamera ilikuwa tayari nje ya kioo, iache hapo ilipo. Kama haikuwepo, usiilete sasa.