Barawa walifika mara tatu

Mhariri, salaam aleikum, na salamu kwa wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii ni "Je, kuna kitu jeshi la Marekani likiamua haliwezi kukifanya?" Najua wengi watataja Vietnam na Afghanistan na wako sawa kabisa, lakini mi nitajibu kwa mji mmoja mdogo tu, Barawa, uko hapa hapa pwani yetu ukipanda juu, manake huo mji nausikia tangu niko mtoto na kwangu mimi jibu lote liko pale.

Kwa asiyeujua, Barawa ni bandari ya kale kusini ya Mogadishu, kama kilomita 200 hivi, na wenyeji wake wanasema Chimwiini, yaani Kiswahili, cha zamani kidogo na kimeingia Kisomali ndani lakini ni Kiswahili. Rais Siad Barre alipokimbia Januari 1991 na Somalia ikawaka, watu wa Barawa hawakuwa na bunduki wala jeshi la ukoo la kuwalinda, kwa hivo kila kundi lililopita liliwaibia, likawaua, likawafanyia wanawake mambo ambayo wazee wao mpaka leo hawayataji. Wakapanda majahazi wakaja Mombasa. Mtaani kwetu alikuja bibi mmoja na wajukuu wanne, siku nzima anashona kofia za mkono, na sisi watoto tulikuwa tunakaa kibarazani kwake tunamsikiliza akiongea, neno hili twalijua neno lile hatulijui, lakini kichwa cha habari twakipata.

Mwezi wa nane 1992 Wamarekani wakaleta yale madege yao makubwa ya mizigo hapa uwanja wa Moi, yanapakia chakula yanapeleka Somalia, yanarudi yanapakia tena. Yakipita juu ya nyumba bibi alikuwa anaiweka sindano chini, anatazama juu, anaomba dua. Alikuwa anawaombea wale marubani. Naanza na hili kwa sababu sitaki mtu aniambie nina chuki na Wamarekani, sina. Huko Baidoa, ndani ya Somalia, watu walikuwa wanazikwa kila siku kwa njaa na kile chakula kiliokoa roho za watu, na ile Disemba tarehe 9 wanajeshi wao waliposhuka ufuoni Mogadishu kazi waliyopewa ilikuwa ndogo na inaeleweka, fungueni njia chakula kipite. Na waliifanya, njia zikafunguka.

Sasa tatizo lilikuja mwaka uliofuata kazi ilipogeuzwa. Tarehe 5 Juni 1993 askari 24 wa Pakistan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa, na kuanzia hapo kazi si magunia tena, kazi ni kumsaka mtu mmoja, mbabe wa vita wa Mogadishu, Mohamed Farah Aidid. Tarehe 12 Julai helikopta za Marekani zikapiga makombora nyumba moja Mogadishu ambapo wazee wa ukoo wake walikuwa kwenye kikao, Msalaba Mwekundu ulihesabu waliokufa 54, Aidid mwenyewe hakuwemo. Watu wakatoka nje na hasira zao, wakawashukia waandishi wa habari waliokuja kupiga picha, wanne wakauawa, na katika hao wanne wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia, na wa tatu Dan Eldon kijana aliyekulia Nairobi. Walikuwa hawana bunduki, hawakutoa amri yoyote, walishika kamera. Wasomali wengi ambao mwezi mmoja kabla hawakuwa na habari na Aidid kuanzia siku ile walisimama naye. Hapa ndipo naomba wasomaji waelewe, ile helikopta haikukosea nyumba, ilipiga pale pale ilipoambiwa ipige, mitambo ilifanya kazi vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kujua kwamba ukiwaua wazee wa ukoo wakiwa kwenye kikao umeugusa ukoo mzima, na hilo mtoto yeyote wa Kisomali angekwambia bila darubini.

Oktoba 3 wote tunaijua. Helikopta mbili zikaangushwa kwa silaha za begani, za bei rahisi, askari 18 wa Marekani wakafa na Wasomali mamia, na Clinton akatangaza tunaondoka ifikapo tarehe 31 Machi 1994. Tazama hiyo tarehe. Wiki moja baadaye, Aprili 6, ndege ya Habyarimana, rais wa Rwanda, ikaangushwa Kigali na mauaji yakaanza, na Aprili 21, watu wakiwa wanachinjwa makanisani na barabarani, Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda wabaki 270. Washington haikutaka kusikia habari ya kutuma mtu Afrika tena, hata neno lenyewe la mauaji ya kimbari maofisa wake walikuwa wanalikwepa kwa makusudi. Watu kama 800,000 wakaisha kwa siku mia. Mi nikifikiria mipaka ya nguvu za Marekani hiki ndicho kinaniuma kuliko vyote, sio kwamba walishindwa Mogadishu, ni kwamba kushindwa kule kuliwatia woga wasiende pale ambapo askari elfu chache wangeokoa watu wengi. Walitumia nguvu mahali pa kuzungumza na wazee, alafu ilipofika mahali pa kutumia nguvu wakawa hawana moyo tena. Clinton alikuja Kigali Machi 1998 akakiri kwamba hawakufanya walichotakiwa kufanya. Miaka minne baadaye.

2006 nitaipitia haraka manake ni ndefu. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliwapa pesa wababe wa vita wa Mogadishu wapambane na mahakama za Kiislamu, yaani umoja wa mahakama za sharia wenye wapiganaji wao, wale wale wababe ambao wananchi walikuwa wamechoka nao mpaka basi, kwa hivo wananchi wakazikumbatia mahakama, na mwezi wa sita mahakama zikauchukua mji. Kwa miezi kama sita vizuizi barabarani viliondoka, uwanja wa ndege na bandari vikafunguliwa. Sisemi walikuwa malaika, ndani yao kulikuwa na watu wabaya sana, lakini hao watu wabaya walikuwa kikundi kidogo ndani ya kitu kikubwa. Disemba Ethiopia ikaingia na Marekani ikaiunga mkono, mahakama zikasambaratika, wale wa wastani wakakimbilia nje, na waliobaki uwanjani wanapigana na mgeni ni vijana wa Al-Shabaab. Hivo ndo walivyokua. Kabla ya hapo ukilitaja hilo jina Mombasa hakuna anayelijua.

Sasa turudi Barawa. Mara ya kwanza Wamarekani kufika ni Septemba 14, 2009, helikopta zilitoka baharini mchana zikapiga gari karibu na mji zikamuua Saleh Ali Saleh Nabhan, mzaliwa wa hapa Mombasa, aliyekuwa anatafutwa kwa lile bomu la hoteli ya Kikambala la 2002 lililowaua Wakenya waliokuwa wanawachezea wageni ngoma mlangoni. Mara ya pili ni Oktoba 5, 2013, wiki mbili baada ya Al-Shabaab kushambulia duka la Westgate, Nairobi, makomando wao walikuja usiku na boti wakashuka ufuoni wakaivamia nyumba moja kumchukua mtu, risasi zikawa nyingi, ndani kuna wanawake na watoto, wakarudi baharini bila huyo mtu. Mara ya tatu ni Septemba 1, 2014, shambulio la angani huko huko Shabelle ya Chini likamuua Ahmed Godane, kiongozi mkuu mwenyewe wa Al-Shabaab, na mwezi uliofuata askari wa Umoja wa Afrika na wa Somalia wakaingia Barawa.

Mtu akisoma hapo atasema si wamefaulu basi, mara mbili kati ya tatu. Lakini hesabu isiishie hapo. Godane aliuawa Septemba mosi, siku chache tu baadaye Al-Shabaab wakatangaza kiongozi mpya, na Aprili 2015, miezi saba baada ya hapo, watoto wetu wakachinjwa chuo kikuu cha Garissa. Jumla ya waliokufa 148. Oktoba 2017 lori la mabomu likalipuka Mogadishu makutano ya Zoobe likaua watu zaidi ya 500. Januari 2020 wakaingia Manda, Lamu, kwenye kambi ambayo Wamarekani wenyewe wanaitumia, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Miaka yote hiyo droni ziko juu na vichwa vinakatwa kimoja kimoja, na kila kichwa kinaota kingine, manake tatizo halikuwa kichwa.

Na kuna kisa kimoja sikisahau. Fazul Abdullah Mohammed, yule wa Komoro aliyepanga mabomu ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar ya Agosti 7, 1998 yaliyoua watu 224, wengi wao watu wetu waliokuwa wanapita njia tu au wako ofisini. Wamarekani walimsaka miaka 13 na zawadi ya dola milioni 5, walishambulia kusini mwa Somalia 2007 wakidhani yumo, hayumo. Juni 2011 gari lake lilipotea njia usiku Mogadishu, likafika kizuizi cha askari wa serikali, askari wa kawaida kabisa, wakamuua kwenye majibizano ya risasi bila kujua wamemuua nani, wakamzika, alafu baadaye ndo wakamfukua wamtambue. Vijana wamesimama kwenye mchanga na bunduki kuukuu. Kwa nini walikuwepo pale? Kwa sababu ni mji wao na hawana pa kwenda.

Tofauti ndo hiyo nataka kuisema. Marekani inaweza kufika popote na kumpiga yeyote, hilo mi sibishani na mtu. Lakini Al-Shabaab wanakaa. Wao wana mahakama, na mtu mwenye kesi ya shamba, hata anayeishi Mogadishu upande wa serikali, anawaendea wao kwa sababu hukumu inatoka haraka, haiuzwi, na ikishatoka inatekelezwa. Wanatoza ushuru magari na maduka na mizigo ya bandarini, zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka, na wanatoa risiti, ukionyesha risiti kizuizi kinachofuata hulipi tena, wakati vizuizi vya wengine unalipa kila kimoja. Ni watu wakatili, wanaua, wanachukua watoto wa watu kwa nguvu, mi sina huruma nao hata chembe. Lakini droni haiwezi kuamua kesi ya shamba. Hakuna kombora la kumfanya hakimu asile rushwa. Wamarekani wamefundisha kikosi kizuri cha Wasomali, Danab, pale Baledogle, wanapigana kwelikweli, wanaukomboa mji alafu wanapita kwenda mwingine, na nyuma yao haji polisi anayelipwa mshahara wala kadhi wala daktari, kwa hivo miezi sita baadaye mji unarudi kule kule. Mwaka 2025 tuliona tena, Marekani iliongeza mashambulizi ya angani sana, na Aprili huo huo mji wa Adan Yabaal ukaanguka mikononi mwa Al-Shabaab.

Kuna watakaosema bila Marekani Mogadishu ingekuwa imeanguka zamani. Inawezekana. Lakini waliowatoa Al-Shabaab Mogadishu Agosti 2011 ni Waganda na Warundi, nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta, pesa na vifaa ni vya nchi za nje ndio ila miili ilikuwa yao, na wangapi walikufa hatujaambiwa vizuri mpaka leo. Sisi wenyewe El Adde, ile kambi ya jeshi letu huko Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab Januari 15, 2016, serikali yetu haikutoa idadi kamili ya vijana waliokufa pale. Kuna mama zetu wanaishi bila hesabu. Kwa hivo hata hizo nguvu tunazoziita za Marekani, ukichimba chini unakuta ni mtoto wa mtu kutoka Gitega au Gulu au Eldoret.

Yule bibi wa kofia hayupo tena. Yeye na wajukuu walichukuliwa wakapelekwa Marekani kuanza maisha, kama Wabarawa wengi wa wakati ule, na Mungu awalipe waliowapokea. Mjukuu wake mmoja wa rika langu bado tunaandikiana. Mwaka juzi alitaka kumpeleka mamake akaione Barawa kabla macho hayajamwisha, akaniuliza njia ya gari kutoka Mogadishu iko vipi, nikaulizia kwa watu wa huko wanaokuja Mombasa kwa biashara, wote wakanambia hiyo njia mtu mwenye pasi ya Marekani asiijaribu. Nikamjibu hivyo. Alikaa siku mbili kimya alafu akauliza, na kwa jahazi je, kutoka Mombasa, kama tulivyokuja.