Mkikutana kihambani Desemba, zungukeni mipaka kwanza, nyama baadaye

Sisi Wachagga wa Kibosho, Kilimanjaro, Desemba ikifika tunapanda nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, pale babu mzaa babu alipofyeka pori akapanda migomba yake ya kwanza. Miaka mingi ratiba ilikuwa ileile: tarehe 24 usiku mnafika mmechoka na basi la kutoka Dar, 25 kanisani na kuchinja, 26 mbege, pombe yetu ya ndizi, 27 watu wanakimbilia magari. Picha kibao, ila ukimuuliza kijana wa miaka ishirini mpaka wetu na jirani unapita wapi, anakunyooshea kidole tu kule kwenye migomba basi.

Mwaka juzi mpwa wangu akaamka mapema kusafisha shamba, mtoto ana nia nzuri kabisa, kashika panga akafyeka masale, ile mimea ya majani marefu, yote ya upande wa mfongo, mfereji wetu wa maji, akijua ni majani tu. Shangazi katoka na bakuli lake la mtori, kayakuta yamelala chini, akakaa palepale kwenye jiwe hakusema neno mpaka mtori ukapoa. Yale masale ndo mpaka wenyewe, na yale ya mwisho karibu na mti wa mringaringa yalikuwa yanaonyesha walipolala wazee ambao makaburi yao hayana msalaba wala saruji. Mtoto ningemlaumuje wakati hakuna aliyewahi kumwambia?

Kwa hiyo ndugu yangu nakuomba sana, asubuhi ya kwanza mkiwa wote, kabla mbege haijamiminwa, mzunguke kihamba chote mguu kwa mguu. Mbele atangulie mzee kuliko wote, watoto wamfuate, mmoja arekodi kwa simu. Na msiwaulize akina baba peke yao, mashangazi wanajua zaidi maana wao ndo walikata majani ya ng'ombe kila kona ya shamba. Shangazi yetu alihesabu hatua kutoka kwenye mringaringa, akasimama, akapiga fimbo chini, "hapa yuko bibi yenu", na kweli tulipofukua kidogo tukakuta yale mawe aliyoyataja.

Mkimaliza kuzunguka, ongeeni habari ya karatasi. Kama kihamba kiko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawaruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila, mnaanzia ofisi ya kijiji, na majirani mnaopakana nao muwe nao siku ya kuonyesha mipaka. Mila yetu nyumba ya baba inabaki kwa kitinda mimba wa kiume, sawa, ila sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, kwa hiyo dada zenu wakae kwenye kikao kama wenye mali, wasiishie jikoni kugeuza machalari, zile ndizi za nyama.

Michango anzeni Septemba na mweka hazina awe mmoja. Aliyeko nyumbani apewe hela ya mbege mapema, ile ndizi mbivu inachemshwa ikaachwa siku kadhaa ndo uje ulezi, huwezi kuagiza leo unywe kesho.

Na kama kuna ndugu hawaongei, msisubiri kikao, na jamani msisuluhishe kwenye grupu la WhatsApp. Mtume mtu mzima na jani la sale lililofungwa fundo, amfuate mwenzie mpaka mlangoni. Kwetu ukiletewa sale unasamehe. Nimeona baba wadogo wawili walionuniana miaka wakakaa benchi moja jioni hiyohiyo.

Masale yetu tumeyarudishia, kipande chake ukikichomeka tu kwenye udongo kinashika. Aliyechimba mashimo ni mpwa wangu, shangazi akimwonyesha kwa fimbo, moja baada ya jingine, na Desemba iliyopita nimemkuta yeye ndo anawazungusha wadogo zake.